Siku Tulipoipima Filamu ya Kidato cha Tatu

Shule ya binti yangu iliponiomba niwe mmoja wa watu watatu wa kuamua kama filamu fulani inawafaa vijana, nilikubali papo hapo, ila nikaguna kidogo ili ionekane nimeacha kazi nyingi. Kidato cha tatu walikuwa wamemaliza mitihani, na waliomba waoneshwe filamu ukumbini badala ya kushindana mpira wa pete kwenye vumbi. Waliyoichagua ilikuwa ya kutisha, si ya damu na mapanga bali ya kuchezea akili. Mkuu wa shule akasema haioneshwi mpaka watu wazima waione kwanza.

Watu wazima wenyewe tulikuwa mimi, karani wa masjala ninayeishi Area D. Mwalimu wa malezi, dada mpole asiyepaza sauti hata darasani. Na mzee mmoja wa Nzuguni, mwanajeshi mstaafu anayemlea mjukuu wake. Tulikutana Jumamosi asubuhi katika chumba cha walimu. Mwalimu alitundika khanga madirishani, akafungua laptopu. Mzee aliweka mezani mfuko wa zabibu za shambani kwake Hombolo, kisha akatangaza msimamo wake.

"Mimi nitasema haifai. Nawaambia mapema tusipotezeane muda."

"Lakini mzee, hatujaiona," mwalimu alisema.

"Ndiyo maana nasema sasa. Nikiiona naweza kuipenda."

Filamu ilihusu mwanamke mmoja mkarimu anayepanga chumba kwa familia yenye binti wa miaka kumi na mitano. Anawaokea keki, anamsaidia binti hesabu, na taratibu anajifunza sauti ya mama wa nyumba. Kisha anaanza kumwita yule binti kwa sauti hiyo, kutoka vyumba ambavyo mama hayumo. Binti akimsimulia baba yake, baba anamwambia apunguze simu.

Nusu saa haijapita, mzee alikuwa ameshusha kofia mpaka puani.

"Ameingia?" aliuliza.

"Nani, mzee?"

"Huyo mpangaji. Ameingia chumbani kwa mtoto?"

"Bado," nikamjibu. Nilimdanganya. Alikuwa ameshaingia, tena amekaa kitandani. Mzee akainua kofia, akaona, akairudisha haraka. Hakunisemesha mpaka zabibu zilipokwisha, na kusema kweli nilizimaliza mimi.

Karibu na mwisho, mama wa jikoni alisukuma mlango atuletee chai. Mwalimu mpole alipiga ukelele ambao nadhani ulisikika barabara kuu. Mimi nilimshika mzee mkono. Mzee alisimama wima kama anakaguliwa. Mama wa jikoni alitutazama mmoja mmoja, akauliza kwa upole, "Kuna msiba?"

Tulipewa fomu za kujaza maoni. Niliandika kwamba maudhui ni mazito kwa umri wao. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika kwamba mimi, mwenye miaka arobaini na minne, nimeogopa. Tukakubaliana kila mtu akafikiri, tuamue Jumatatu.

Nyumbani binti yangu alinikuta nachambua mchicha.

"Mama, mmeamuaje?"

"Nadhani haiwafai."

"Kipi hasa hakifai?"

Ilinibidi nimweleze. Nilianza na mpangaji na keki zake, nikanogewa, nikaiga na sauti, nikamwonesha jinsi mlango ulivyofunguka. Nilipomaliza, mchicha ulikuwa umetapakaa sakafuni.

"Basi umeshanionesha," alisema. "Sasa ni wenzangu tu ndio hawafai."

Nikainama kuokota mchicha. Nilipomwita baadaye aje kutenga chakula, alichungulia kwanza mlangoni kuhakikisha kwamba anayemwita ni mimi. Sikujua kama ananitania.

Jumatatu nilikwenda nimejiandaa kubishana na mzee. Ndiye aliyeanza.

"Nimebadilika," alisema. "Mjukuu wangu nimemfundisha amkimbie mtu mwenye kisu. Huyu mwanamke hakuja na kisu, alikuja na keki. Hilo sijawahi kumfundisha."

Tukakubali, kwa masharti. Wazazi waandikiwe barua, asiyetaka kuiona asilazimishwe, na mwalimu aisimamishe mara mbili wazungumze.

Ilioneshwa Ijumaa mchana. Tulikaa nyuma, sisi waamuzi watatu, tayari kuwatuliza. Palepale tuliporuka sisi, wao walicheka. Mvulana mmoja alimshauri yule binti wa kwenye filamu afunge mlango kwa funguo, ushauri ambao watu wazima hatukuufikiria kabisa. Lakini baba alipomwambia binti yake apunguze simu, ukumbi mzima ulinyamaza. Sehemu hiyo sisi hatukuiandika popote. Mimi nadhani Jumamosi ile nilikuwa natafuta zabibu. Msichana wa mstari wa tatu aliinuka akatoka nje. Mwalimu alimfuata, wakakaa kwenye ngazi mpaka filamu ikaisha. Walichozungumza sikuuliza, ila Jumatatu iliyofuata nilisikia mama wa yule msichana ameitwa shuleni, na kwamba alikuja.

Siku hiyo ya Ijumaa tulirudi nyumbani kwa bajaji, binti yangu na mimi. Tulipokaribia Area D aliuliza, "Mama, ningekuja na habari kama ile, ungeniamini?"

"Ningekuamini."

"Umejibu haraka mno. Fikiria kwanza."

Nikafikiria. Bajaji ikapita matuta mawili.

"Ningekuuliza maswali mengi," nikasema. "Ningekuudhi. Pengine ningekwambia umechoka na masomo. Halafu ningekaa, nikakuamini."

Alilipima jibu langu akiangalia nje.

"Hilo sawa," alisema. "Ila punguza yale maswali."

Nikamwambia nitajitahidi, na kabla hatujashuka nilikuwa nimeshamuuliza mawili.