Samaki Aliotuletea Kaka

Bwana samaki wa serikali alipokuja Kaisho kufundisha watu kuchimba mabwawa, kaka yangu ndiye aliyechimba la kwanza, bondeni, chini ya migomba yake. Alikuwa mtu wa ng'ombe tangu utotoni. Samaki alikuwa hamjui hata kidogo, ila kujiamini alijiamini kupita kiasi, na mimi ndiye niliyemsifu kuliko wote.

Asubuhi moja alinipitia nyumbani kwa mume wangu, ng'ambo ya bonde, na perege sita ndani ya jani la mgomba. Nikamwambia akae tule wote. Akasema anawahi joshoni kuogesha ng'ombe, akaondoka bila hata kuketi. Mama mkwe akaguna. Kwetu anayekuletea rubisi, pombe yetu ya ndizi, huonja mwenyewe kwanza mbele yako, ndipo akupe.

"Ndugu yako mbona hakuonja?"

"Samaki mbichi ataonjwaje, mama?" nilimjibu kwa jeuri ambayo mpaka leo inaniuma.

Binti yangu wa miaka mitatu ndiye aliyekula zaidi, maana nilimchambulia miiba kwa vidole vyangu. Jua halijatua akaanza kutapika, kisha kuharisha, hata akalegea mikononi mwangu. Siku tatu nilimpa maji kwa kijiko huku moyoni nikijua nitazika. Mama mkwe akimtaja kaka, namkatiza. Nilisema huenda sikuwaosha samaki vizuri. Nilijitwisha kosa lile ili yeye asiguswe.

Mtoto alipoanza kuomba uji, nilikwenda kwa kaka kumpa habari. Nikamkuta wifi peke yake. Nilipomwambia kwamba nadhani wale samaki niliwapika vibaya, aliacha kumenya ndizi akaanza kulia.

Akanieleza yote. Kaka aliona vidudu vimewaganda samaki mapezini, akasema hao ni kupe. Akaomba dawa kidogo joshoni, akaimimina bwawani, akiwatibu samaki kama ndama. Wengine wakaelea wamekufa. Katika waliobaki hai akavua sita.

"Sisi hatujala," wifi alisema. "Alituambia tusiguse mpaka tusikie nyie mmeamkaje."

Kuolewa nilikuwa nimeolewa, lakini sikujua kwamba kwa kaka yangu, tumbo moja, nimekuwa mtu wa kujaribiwa dawa, mimi na mwanangu.

Kaka akaingia kutoka malishoni, fimbo mkononi. Nikamwambia mtoto aliumwa siku tatu, nikamuuliza kama ni kweli. Hakukana. Hakuona hata haya.

"Mtoto anaendeleaje, dada?"

"Anakunywa uji."

Akashusha pumzi, uso ukamkunjuka, akamgeukia mkewe.

"Basi lete kikapu," akasema. "Nikavue wa kula jioni."