Simu Isiyojua Ngeli

Jumamosi, kwenye foleni ya bucha pale soko la Burma, mbele yangu alisimama mwalimu wa Kiswahili akiwaandikia ujumbe wazazi wa mchumba wa bintiye. Aliandika "kikao", simu ikampendekezea "yetu". Akaigonga kwa kucha.

"Nani amekufundisha upuuzi huu?"

Bintiye, aliyeshika kikapu, akacheka. "Mama, hiyo haina sarufi ndani. Inashika tu vile wewe huongea ukichati."

"Mimi? Mimi nafundisha ngeli."

Muuza nyama akamwuliza anataka nini. Mwalimu akanyoosha kidole bila kuinua macho. "Nipe hiyo kichwa ya mbuzi."

Binti akatazama dari. Mwalimu akaitia simu mkobani polepole, kama anayemficha shahidi.