Chumba cha Giza cha Chang'ombe

Simu iliyotutoa nyumbani ilipigwa asubuhi ya Jumatano, nikiwa kwenye cherehani yangu Majengo, mjini Sumbawanga, nashona sare za kwaya. Aliyepiga ni Rehema, msanii wa Dar es Salaam ambaye miaka miwili nyuma alizunguka Ufipa akitafuta wanawake wanaofinyanga vyungu. Alielekezwa kwangu, akavikuta vyungu vya mwisho vya dada yangu Leokadia vimepangwa chini ya kitanda. Alivinunua vyote. Sasa yeye na wenzake walikuwa wanafanya maonyesho.

"Dada Odilia, mlete Mama Leokadia," alisema. "Si maonyesho ya kusimama na kutazama picha ukutani. Haya mtu anaingia ndani yake. Na vyungu vyake vipo."

Nilicheka. Dada yangu haoni. Presha ya macho ilimla polepole, na huu ni mwaka wa nne haoni hata mwanga wa dirisha. Mwanzoni aliendelea kufinyanga hivyo hivyo kijijini, mpaka siku aliyoungua mkono akichoma vyungu. Hapo mimi ndiye niliyesema basi. Nilimleta mjini, nikampa chumba kizuri, redio na kiti cha kukalia barazani. Kanisani watu walinisifu. Yeye hakulalamika, ila kila mwezi maneno yake yalipungua.

Nilipompa habari ya Rehema nilitegemea akatae. Badala yake aliuliza, "Tunaondoka lini?"

Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, tulikuwa stendi ya Sumbawanga tumejifunika mablanketi, maana ulikuwa mwezi wa saba na upepo wa kwetu hauna adabu mwezi huo. Tulibeba unga wa ulezi na samaki wakavu, migebuka, zawadi ya mwenyeji. Nilimpa Dada kiti cha dirishani, halafu nikajiona mjinga, nikataka tubadilishane.

"Niache hapa hapa," akasema. "Dirishani kuna harufu."

Laela aliitambua mwenyewe kwa mngurumo wa mashine za kusaga. Tunduma aliijua kwa honi za malori na Kibemba cha wauza maji wa mpakani. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumsimulia njia nzima, kumbe yeye ndiye aliyekuwa ananisimulia. Tulilala Mbeya, gesti ya karibu na stendi.

Jumapili tuliondoka Mbeya kabla jua halijatoka. Tulikuwa tumekosa misa, kwa hiyo Dada alisali rozari mpaka Makambako. Baada ya Iringa, basi lilipoanza kuteremka Kitonga, niliona lile korongo upande wa kushoto, na lori mbele yetu likikata kona kama linaning'inia. Nilimshika mkono Dada kwa nguvu.

"Kuna nini?"

"Bonde, Dada. Refu. Hakuna hata ukuta wa maana."

"Pole," akasema, akaupigapiga mkono wangu. "Wenye macho mnapata tabu."

Abiria wa nyuma yetu walicheka, na mimi nikacheka. Sikukumbuka mara ya mwisho kumsikia akitania. Chini, Ruaha Mbuyuni, harufu ya vitunguu iliingia basi zima. Mikumi niliwaona twiga watatu na tembo mmoja kando kabisa ya lami, nikamweleza, naye akataka kujua kama tembo ananuka.

Saa moja na nusu jioni tulishuka Mbezi. Joto la Dar lilitupokea kama mvuke wa sufuria lililofunuliwa. Rehema alikuwa anatusubiri, mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, nywele fupi, mikono ina madoa ya rangi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Sauti yako imekonda. Unakula?"

"Ninakula nikikumbuka," alisema Rehema, akachukua mabegi. Usiku huo, kwake Kinondoni, Dada alimsimamia asonge ugali wa ulezi.

Jumatatu asubuhi alitupeleka Upanga, kwenye nyumba ya zamani ambayo wasanii walipewa waitumie kabla haijabomolewa. Kila chumba kilikuwa na mwenyewe. Mlangoni ulivua viatu. Chumba cha kwanza kilijaa khanga zilizoning'inizwa kutoka darini mpaka sakafuni, mamia, huwezi kupita bila kuzisukuma kwa uso. Katikati yake zilitoka sauti za wanawake zilizorekodiwa, moja moja, kila mmoja akitaja jina la mama yake na mahali alipozaliwa. Basi, hakuna kingine. Nilikuwa najiuliza kama hii nayo ni sanaa ndipo nikasikia, pembeni yangu, sauti ya Dada ikisema taratibu: "Yustina. Wa Ufipa." Ni jina la mama yetu. Nilisimama katikati ya zile khanga, nikatumia moja kufutia macho.

Chumba cha pili sakafu yake ilikuwa mchanga uliochanganywa na karafuu, na juu walitega mabati, maji yakiyadondokea kama mvua. Dada alikaa chini na kunyoosha miguu kama yuko kwake. Chumba cha tatu kilikuwa cha taa. Mianga ilitembea ukutani, ikawa samaki, ikawa majani, ikapanda hadi kwenye miili yetu. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Nilizunguka kama mtoto, mikono juu. Nilipogeuka, Dada alikuwa amesimama karibu na mlango, samaki wa bluu wanapita usoni kwake, naye anasubiri tu.

"Ni pazuri?" aliuliza.

"Ni pazuri sana, Dada."

"Basi maliza kuangalia. Sina haraka."

Nilimaliza haraka. Furaha ilikuwa imeniishia.

Jumanne maonyesho yalitupeleka Keko, kwenye uwanja wa mafundi seremala. Pale hakukuwa na jukwaa wala viti. Kikundi cha vijana kilipiga muziki kwa misumeno, randa na nyundo, mafundi wenyewe wakiwa kazini, na watazamaji tukiwafuata kutoka kibanda hadi kibanda, kati ya vitanda na makabati ambayo hayajapigwa vanishi. Fundi mmoja mzee alimruhusu Dada ashike ubao huku ukipigwa randa. "Unasikia unavyoimba?" akamwuliza. Dada aliitikia kwa kichwa, vumbi la mbao limemjaa kwenye kilemba. Safari ya kurudi mikono yake haikutulia. Vidole vilikuwa vinapimapima kitu kwenye mapaja.

Jumatano, saa tisa alasiri, ilikuwa zamu ya kazi ya Rehema mwenyewe, kwenye ghala la zamani huko Chang'ombe. Alikuwa amejenga ndani yake chumba cheusi kabisa, kisichopitisha hata uzi wa mwanga. Watu kumi na wawili waliacha simu na saa zao mlangoni, wakaingia wakishika kamba, wakaketi chini kuzunguka meza fupi. Mbele ya kila mmoja kulikuwa na bonge la udongo, na kwenye rafu nyuma yao vyungu vya Dada, vya kupapasa. Sauti iliyorekodiwa ingewaelekeza namna ya kufinyanga. Dada yeye aliwekewa kiti cha heshima mlangoni, pamoja na mimi, tupokee wageni. Nilifurahi kuwa ni kukaa tu.

Kundi la kwanza lilikuwa ndani dakika kumi hivi umeme ulipokatika. Spika ikanyamaza, feni zikasimama. Rehema alikimbilia jenereta nyuma ya ghala. Ndani tulisikia watu wakianza kuinuka na kugongana, chombo kikaanguka. Mwanamke mmoja akalia, "Jamani, mlango uko wapi? Siwezi kupumua!"

Dada alisimama. Nikamdaka mkono.

"Dada, utaanguka. Mle giza."

Aligeuza uso wake kwangu. "Odi," akasema, "giza la nani?"

Akautoa mkono wangu, akaifuata kamba, akaingia. Nilimfuata nimeshika kamba. Hatua ya tatu nilijigonga goti kwenye meza.

"Hamjambo, wanangu," alisema, kwa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia kwa miaka. "Msikimbie. Kaeni mlipo. Anayelia aongee nimsikie, nije."

"Wewe ni spika?" mwanamume mmoja aliuliza.

"Spika imelala. Mimi ndiye mwenye vyungu."

Mtu akacheka, na kicheko kile kikatuliza nusu ya chumba. Nilisikia nyayo zake zikizunguka bila kugusa kitu, zikafika kwa yule mwanamke. "Nipe mikono. Hapa ndipo palipo na udongo. Ni baridi, siyo? Ushike mpaka upate joto." Kilio kikapungua, kikaisha. "Haya, wote. Toboa katikati kwa kidole gumba. Zungusha. Taratibu, baba, usiuminye kama una ugomvi nao."

Vidole vyake vikanifikia mimi, vikanikamata kifundo cha mkono na kunikalisha. Akanipa bonge. Mimi, mdogo wa mfinyanzi, sikuwahi kufinyanga hata kikombe. Aliketi kando yangu, nikasikia viganja vyake vikipiga udongo, pa, pa, pa. Kisha akaniambia kwa Kifipa, polepole, kwamba nilipomnyang'anya udongo nilidhani namwokoa.

"Nisamehe, Dada."

"Finyanga kwanza."

Umeme uliporudi Rehema alikuja mlangoni anahema. "Mama, uko humo? Niwashe spika?"

Watu kumi na wawili walijibu kwa pamoja: "Usiwashe!"

Alhamisi na Ijumaa spika haikuwashwa kabisa. Dada aliingiza kundi baada ya kundi, na mimi nilikaa nje kutunza simu za watu na kuwaelekeza pa kunawia mikono. Wengi walitoka wameduwaa, wakitazama vibakuli vyao vilivyopinda kama vimefinyangwa na mtu mwingine. Yule mwanamke wa siku ya kwanza alirudi na mama yake.

Jumamosi tulipanda basi la kurudi. Tulipopita Iringa Dada alisema, bila utangulizi, kwamba hatakaa tena Majengo. Anarudi kijijini.

"Na moto?" nikauliza. "Nani atachoma vyungu?"

"Sabina jirani atachoma. Tumechoma naye tangu tukiwa wasichana. Kazi yangu ni kufinyanga, na huko sihitaji macho. Nilihitaji uniulize, Odi. Hukuniuliza."

Nilitafuta la kupinga. Maneno yote niliyoyapata yalikuwa yanahusu hofu yangu. Nikamwambia nitamsaidia kuhamisha vitu.

Jumapili jioni tulipofika nyumbani wanawake wa jumuiya yetu ya kanisani walikuwa wamekuja kutulaki. Mume wangu alikuwa amepanda kutoka Ilemba, kule bondeni kwenye mashamba yetu, naye alishachemsha chai. Wakanizunguka mimi kama kawaida yao. "Haya Odilia, tusimulie. Dar mmeona nini?"

Nilikwenda Dar kumlinda mtu, nikarudi nimejua kwamba mapenzi yangu yalikuwa yamemkalisha kitini miaka mitatu. Hicho ndicho nilichojifunza, na ninakiandika hapa kwa kuwa najua siko peke yangu mwenye mgonjwa barazani. Lakini jioni ile sikusema hayo. Nilivuta kigoda, nikakaa chini.

"Muulizeni Dada," nikasema.

Wakamgeukia. Leokadia akaweka kikombe chake mezani, akakunja mikono ya gauni kana kwamba anaanza kazi, akawaambia wazime taa kwanza.