Dawa ya Usingizi Iliyonifanya Niseme

Admin nifiche, na jina la mtoto nimelibadilisha. Mimi ni mama wa miaka ishirini na sita, tunalima viazi huku Kuresoi.

Mwaka jana mume wangu alinikaba zizini na kamba ya ng'ombe kwa sababu nilicheka na dereva wa lori la viazi. Alikaza mpaka nikasikia kitu kwa koo kikivunjika kama muwa. Mtoto wangu Ivy, aliyekuwa akiona, aliangusha ndoo ya maziwa. Hospitalini mama mkwe alisema ndama alinivuta shingo na kamba, nami nikaitikia kwa kichwa, sauti sikuwa nayo.

Tangu hapo njia ya hewa inajifunga, naenda Nakuru kupanuliwa. Ni kazi fupi, lakini lazima nilale kwa dawa ya mshipa. Mara ya kwanza walinipa ile nyeupe kama maziwa. Inachoma mkono, unazima kama taa, unaamka huna neno. Lakini daktari wa usingizi nilimkuta amelowa jasho. “Mum, uliacha kupumua. Tumehangaika na wewe.”

Mara ya pili akatumia dawa nyingine, ketamine. Nilipumua vizuri mpaka mwisho, ila hiyo huleta ndoto. Nikarudi zizini. Nilipiga sista teke la tumbo nikilia, “Baba Ivy, fungua kamba, nakufa mtoto akiona.” Mama mkwe, ambaye hunisindikiza, alikuwa hapo ameshika leso yangu.

Alipotoka kidogo, sista akaniinamia. “Mum, kumbe ndama wenu anaitwa Baba Ivy?” Akanifunika vizuri. “Ukirudi, kabla ya sindano daktari atakuuliza wewe kilichotokea, si wao.”

Nyumbani mume wangu alinibamiza kwa ukuta, kidole gumba juu ya kovu. “Utawaambia wakupe ile nyeupe. Hiyo ingine inakufanya mjinga.” Mama yake akaendelea kumenya viazi. “Mwanamke wa maana hulala kimya.”

Narudi wiki ijayo. Nikiitisha nyeupe naweza nisiamke, na Ivy abaki na mikono hiyo. Nikipewa ketamine nitasema tena, na kamba bado inaning'inia pale zizini.

Msiniambie nivumilie kwa sababu ya mtoto. Mtoto mwenyewe tangu siku ile hashiki ndoo. Mliopitia haya nishaurini: niseme nikiwa usingizini, ama niseme nikiwa macho, kabla sindano haijaingia?