Siku Tatu kwa Dakika Ishirini na Tano

Harufu ya mafuta ya ndege hunirudisha Lodwar, kwenye msimu mmoja wa mvua nilipokuwa na miaka tisa. Laga, ile mito yetu ya mchanga mkavu, zilikuwa zimejaa maji ya rangi ya chai, na malori ya Kakuma yalikwama ukingoni huku madereva wakilala chini yake. Huko Kakuma mama mdogo, kitinda mimba wa nyanya, alikuwa amejifungua. Kwetu mtoto huwekwa kwenye ziwa la mamaye, wanawake wakamtajia majina. Jina ambalo likitajwa ananyonya ndilo lake. Nyanya hakutaka mjukuu apate jina yeye akiwa hayupo.

Ndege ndogo iliyopeleka dawa ilikuwa na viti viwili vitupu. Cha pili nilipewa mimi, kwa kuwa rubani hakujua Kiturkana wala nyanya hakujua Kiswahili. Ujanani nyanya aliitembea njia ile na punda, siku tatu na visima vitatu, kwa hiyo alifunga nyama kavu na kibuyu cha maziwa cha kututosha. “Ni kilomita mia moja na kidogo,” rubani alisema. “Dakika ishirini na tano.” Sikumtafsiria. Nilijua angecheka.

Nyanya alifumba macho njia nzima. Alipoyafumbua tulikuwa tumetua kwenye changarawe, migunga pande zote, vilevile kama tulikotoka.

“Mwambie huyu kijana ametuzungusha akaturudisha Lodwar.”

“Nyanya anasema asante,” nikatafsiri.

“Basi ashuke. Nageuza sasa hivi.”

Mama mmoja Mkongomani aliyeuza chai pembeni akasogea. “Mama, hapa njo Kakuma. Shuka tu.”

“Hata huyo wamempanga,” nyanya alisema aliposikia neno Kakuma, akaushika mkanda wa kiti kwa mikono miwili.

Rubani alitazama saa. Nilianza kulia, nikiona tunarudishwa kweli. Ndipo nyanya akawaona ngamia watatu wakila majani kando ya uwanja, na shingoni mwao alama ya ukoo wa mkwewe wa Kakuma, ileile ya ngamia wa mahari ya mama mdogo. Watu aliwatilia shaka, ngamia hakuwatilia. Alishuka mbio, akinigombeza kwa kumchelewesha.

Mtoto alikataa majina matano. Nyanya alipotaja Ekiru, kwa ajili ya mvua ile, akanyonya.

Siku hizi kuna lami, na kwa gari ni chini ya saa mbili. Mwaka huu Ekiru mwenyewe amepata binti, na jamaa wa Lodwar walituma majina kwa simu, kipaza sauti kikiwa wazi. Mtoto akalala. Niliendesha gari mpaka Kakuma, nikanawa mikono, nikainama nikamtajia jina la marehemu nyanya. Alinyonya kwa pupa, na mama yake akacheka, akasema simu zimetupotezea asubuhi nzima.