Siku Wazee wa Koboko Walipovuta Pumzi Wakangoja Amri

Aibu niliyoipata Koboko bado inanichoma, na kila nikiisimulia nakasirika upya, kwa hiyo nivumilieni. Yote yalianza na kinyozi. Hapa kwetu Awindiri, Arua, yuko kinyozi ambaye habari zote za dunia hupitia kwenye mashine yake kwanza, na ndiye aliyeniambia kwamba mtu akitafsiri kitabu cha Wabudha mpaka mwisho, hasira humtoka mwilini kama jino la utoto, wala hairudi mpaka kufa. Na ushahidi alikuwa nao: eti mtafsiri mmoja wa Kongo alizabwa makofi na askari watatu, akawauliza kama mikono imewauma. Nikaamini. Mimi, mhitimu wa shule ya usiku, cheti changu kiko ukutani ndani ya fremu, niliamini neno kwa neno.

Sababu nilikuwa nayo. Nilikuwa nimemposa Kiden, binti wa Mzee Duku wa Koboko, sajenti mstaafu, na mzee alikuwa ananizungusha kwa sababu siku moja alinisikia pale mpakani Oraba, ninakopitisha mizigo ya watu forodhani, nikigombana na dereva wa lori (wanasema sauti yangu ilivuka mpaka Sudani Kusini bila kugongewa muhuri). "Mutu ya kelele," alisema mzee, "hapana ingia kwa nyumba yangu."

Sasa, kwenye ujenzi wa barabara yetu alikuwapo injinia wa Sri Lanka, Bwana Nimal, Mbudha, ambaye kila mchana alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho kafumba, kimya. Wafanyakazi walipomuuliza anafanya nini aliwaonyesha kurasa chache za maandiko yao matakatifu, kwa Kiingereza, juu ya kutuliza moyo kwa kufuata pumzi, na akaanza kutafuta mtu wa kuyatia katika Kiswahili cha watu wa leo. Nilijitokeza kabla hajamaliza kutafuta.

Nikakaa kuandika. Jamani, maandiko yale yanarudia! Mtu anaambiwa avute pumzi, kisha aitoe, halafu tena avute, tena aitoe, ukurasa mzima, kama fundi anayejaza tairi la trekta kwa pampu ya baiskeli. Mwalimu wetu wa shule ya usiku alitufundisha kwamba msomaji wa kisasa hana muda, ukiona marudio, kata. Nikakata. Tena yale ya kutoa pumzi niliyafuta yote, kwa sababu (niambieni kama nilikosea) ni nani duniani anavuta pumzi akasahau kuitoa? Hata mbuzi anatoa bila mtafsiri. Na kwa kuwa Kiswahili cha wazee wa Koboko, ambao ndio niliotaka wanisikie, kimetoka kambi za jeshi, nikakiweka kifupi, kikavu, cha kueleweka mara moja.

Injinia alitaka kazi isomwe mbele ya watu kabla ya kuchapwa. Nikapendekeza nyumbani kwa Mzee Duku, ambako kila Jumapili alasiri wanajeshi wastaafu hukutana kunywa chai. Nia yangu mnaiona: mzee anione nikiwa mtulivu, maandiko matakatifu mkononi, hasira ikiwa imekwisha kung'oka.

Jumapili ikafika, injinia akaketi karibu na mlango, mimi nikasimama. Nikasoma, "Kaa." Walikuwa wamekaa, wakakaa zaidi. "Nyosha mgongo." Viti vikalia. "Funga macho." Wakafunga. "Vuta pumzi." Vifua vyote vikapanda kwa pamoja, na mimi, kwa furaha ya kuona neno linafanya kazi, nikaingia kwenye maelezo juu ya faida za utulivu (maelezo yangu mwenyewe, hayakuwamo kwenye maandiko), nikasoma na kusoma bila kuinua macho. Nilisikia kimya kizito nikajua ndio utulivu wenyewe umeshuka. Kumbe hakuna anayepumua. Wazee wale wamepewa amri ya kuvuta, ya kutoa haijaja, na pale hakuna aliyezoea kujitungia amri.

Aliyeniamsha ni Kiden, amesimama na sinia. "Candia," akasema, "baba."

Nikainua macho. Mzee Duku alikuwa amegeuka rangi ya biringanya, mishipa ya shingo kama kamba za kufungia mzigo, na kabla sijafungua mdomo akaenda chini, yeye na kiti na birika la chai. Hapo wengine pumzi zikawatoka kama breki za lori, mmoja akatangaza kwamba kitabu hiki kinakula pumzi za watu, majirani wakaruka ua, mama mmoja akammwagia mzee ndoo ya maji, na dua zikaanza, Waislamu upande huu, Wakristo upande ule.

Mzee akapumua. Hapo ndipo ilinipasa kunyamaza. Lakini nani angenyamaza? Niliwaka. Niliwauliza, kwa sauti ile ile ya Oraba, ni mtu mzima gani anangoja ruhusa ya kupumua, na kama huko kwao hata kupepesa macho kunasubiri amri.

Mzee aliniangalia kutoka chini, maji yanamchuruzika. "Wewe aliamuru vuta," akasema. "Toa iko wapi?"

Nikapekua karatasi zangu.

"Na hii ndiyo ile kelele ya Oraba. Chukua karatasi yako, kijana. Kiden tabaki hapa kwetu."

Kiden alijifunika uso kwa sinia, na mpaka leo sijui alikuwa analia au anacheka (mabega yalikuwa yanatikisika).

Injinia alinirudisha Arua kwa gari lake, na njia nzima nilikuwa nawalaani wazee, mwalimu wa shule ya usiku, na zaidi kinyozi. Niliapa kwamba sitakata tena neno la mtu, hata alirudie mpaka wino uishe. Nikamsimulia injinia ahadi ya kinyozi, nikamdai maelezo: nimefika mstari wa mwisho, mbona hasira iko pale pale?

Akasimamisha gari kando. Kiswahili chake alikiokota barabarani, lakini siku hiyo kilitosha.

"Kwanza wewe alitafsiri nusu," akasema. "Na hata ukitafsiri yote, kitabu hapana toa hasira ya mutu. Mimi nasoma maneno haya toka mtoto, Candia, na sasa hivi niko na hasira na wewe, kubwa sana."