Nguvu Mbili Alizozilinganisha Mwalimu

Mume wangu alifundisha fizikia sekondari mpaka akastaafu, na wanafunzi walimpachika jina la Mvutano, maana hakuna kipindi alichomaliza bila kuangusha chaki ili waone inavyoanguka. Nyumbani aliniolea mke mwenza: nadharia. Alitaka mlinganyo mmoja tu wa kuunganisha nguvu inayoangusha chaki na zile zinazoshikilia chembe ndani ya atomu. Mabingwa wa dunia wameshindwa, nikamwambia, wewe na chaki yako utawezea wapi? Akanijibu kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akainama miaka ishirini, nami nikawa napiga deki kuizunguka miguu yake.

Siku aliyoalikwa kueleza kazi yake chuo kikuu, anakofundisha binti yetu, nilikuwa napiga pasi shati lake huku yeye akioga. Binti akaingia, uso umemshuka. Alikuwa ameyapitia makaratasi ya baba yake. Akanieleza kwamba watu wa fani yao, ili kupunguza usumbufu wa hesabu, huandika moja mahali pa namba fulani ngumu, kisha mwishoni huzirudisha namba zenyewe. Baba aliandika moja kwa nguvu hii, moja kwa nguvu ile, akasahau kurudisha.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo zimelingana kwa sababu alizilinganisha mwenyewe, mama. Ukumbini wataona kabla hajajaza ubao."

Nikamwambia amwambie baba yake; akasema hawezi, nimwambie mimi. Mimi, ambaye fizikia yangu inaishia kwenye pasi! Bomba la bafuni likafungwa.

Alitoka anapiga mluzi, akavaa shati, akaomba tumwekee kola sawa. Binti akaishika kola asiiachie.

"Baba, ule mstari wa mwanzo. Zile moja zote mbili."

Mluzi ulikatika. Akaketi, akaomba kalamu, akaanza kuandika nyuma ya bahasha. Nje dereva wa chuo akapiga honi, akapiga tena. Mume wangu aliendelea kuandika, kisha mkono ukasimama.

"Nani mwingine ameona?"

"Hakuna, baba."

Hapo nilimwogopa. Mtu aliyepoteza miaka yote ile anaweza kwenda kusema uongo. Akamrudishia binti kalamu. Akamwambia apande gari lile yeye, akawaeleze kwamba kazi imevunjika na awaoneshe kosa lenyewe ubaoni, maana wapo vijana watakaolirudia.

"Na useme umeliona wewe," akaongeza. "Usiseme kwa aibu."

Gari likaondoka. Nilisubiri akasirike, avunje hata kikombe; hapo ningejua la kufanya. Akafungua vifungo vya shati taratibu, akanigeukia.

"Mke wangu, kesho nikiamka nifanye nini?"

Mimi niliyeiombea kifo nadharia ile tangu binti akiwa shule ya msingi, nilikwenda kumtafutia karatasi safi.